Usaili wa geresha: tuelezane yanayotupata mbele ya majopo ya waajiri

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, nimesoma mara nyingi ushauri wa namna ya kuvaa, kuketi na kujibu pale mtu anapoitwa kwenye usaili, lakini ni nadra kuona tukizungumza kwa kina kuhusu upande wa pili wa meza, yaani mwenendo wa wale wanaotusaili. Naomba nianze na yangu, kisha kila aliye na lake aliweke hapa bila kumtaja mwajiri, kwa sababu ninachotaka tukijadili ni desturi yenyewe na si kulipizana kisasi.

Niliomba nafasi ya ofisa ununuzi. Ujumbe wa kuniita ulinifikia saa nne usiku, ukinitaka nifike kesho yake saa mbili asubuhi nikiwa na vyeti halisi. Nilipofika nilikuta wenzangu zaidi ya thelathini, wote tumepangiwa saa ileile, na viti vilikuwa vinane. Niliingia ndani saa tisa na nusu alasiri. Jopo lilikuwa na watu watatu: wa kwanza alikuwa akizungumza na simu na hakuikata, wa pili aliufungua wasifu wangu kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu, akauliza kama mimi ndiye yule mhasibu, wa tatu, ambaye alionekana kuwa ndiye mwenye kauli, hakugusa habari za ununuzi hata kidogo bali alitaka kujua ni nani aliyenielekeza pale. Nilipojibu kwamba nililiona tangazo, aliandika kitu kwa penseli, akatabasamu, akasema nitapigiwa simu. Dakika sita hazikutimia. Simu hiyo haijapigwa hadi leo, na barua pepe mbili nilizoandika kuulizia hazikujibiwa. Baadaye mtu wa ndani alinieleza kwamba aliyepewa nafasi hiyo alikuwa ameshaanza kazi wiki mbili kabla ya tangazo kutoka. Sisi thelathini na ushei tulikuwa wasindikizaji.

Hasira ilikwisha, lakini swali moja halijaniondoka. Tuchukulie kwamba nafasi haikuwa na mwenyewe na kwamba jopo lilikuwa na nia njema: je, kwa mtindo ule lingeweza kumtambua ofisa ununuzi mzuri? Nilianza kusoma, na niliyoyakuta yalinifanya niamini kwamba tunapolalamika kuhusu adabu mbovu ya wasaili tunataja nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni kwamba wanashika kipimo kibovu, nao wenyewe hawajui.

Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakayapitia upya mahesabu ya namna hiyo kwa uangalifu zaidi. Katika hesabu hizo mpya, njia iliyoongoza kwa kubashiri utendaji wa mtu kazini ni usaili wenye mpangilio, yaani ule ambao waombaji wote huulizwa maswali yaleyale yaliyotokana na kazi yenyewe, na majibu hupewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kabla mtu wa kwanza hajaingia chumbani. Uwiano wake ulikuwa 0.42, kwenye kipimo ambacho 1 ni kubashiri bila kosa na 0 ni sawa na kupiga ramli. Usaili wa maongezi ya holela, ule ambao kila msaili huuliza linalomjia kichwani, ulipata 0.19. Hata njia bora, basi, ina mapungufu makubwa. Lakini ile mbovu, ambayo ndiyo wengi wetu tumeizoea, iko karibu zaidi na ramli kuliko na kipimo.

Kuna jaribio jingine ambalo kila ninapolikumbuka hucheka peke yangu. Jason Dana na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, waliwataka wanafunzi wawasaili wenzao kisha wabashiri wastani wa alama watakazopata masomoni. Baadhi ya wasailiwa walikuwa wameagizwa kwa siri wajibu maswali kwa kanuni ya kubahatisha, bila kuzingatia ukweli wa maisha yao. Hakuna msaili aliyegundua. Kila mmoja alijenga picha kamili ya mtu aliye mbele yake kutokana na majibu yasiyo na maana yoyote, na waliobashiri kwa kutazama alama za nyuma za mwanafunzi bila kumsaili walikaribia ukweli zaidi kuliko waliomsaili. Kwa hiyo yule bwana mkubwa anayejisifu kwamba akimtazama mtu dakika mbili huwa ameshamjua, inawezekana kabisa kwamba anachokijua ni mawazo yake mwenyewe.

Wala si jambo la jana. Thomas Edison alikuwa akiwapa waombaji kazi orodha ndefu ya maswali ya chemshabongo na maarifa ya jumla, na mwaka 1921 maswali hayo yalivuja magazetini. Albert Einstein, aliyekuwa ziarani Marekani mwaka huohuo, aliulizwa mojawapo, lile la kasi ya sauti, naye akajibu kwamba hajazi kichwani mambo yanayopatikana vitabuni kwa urahisi. Kampuni ya Google nayo ilisifika kwa mafumbo ya aina hiyo hadi mwaka 2013, pale mkuu wake wa rasilimali watu wa wakati huo, Laszlo Bock, alipokiri hadharani kwamba yalikuwa ni kupoteza muda na kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya msaili ajione mwerevu.

Karibuni mtoe yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante, mleta mada. Wewe uliulizwa aliyekuelekeza. Mimi niliulizwa kama nina mchumba, ninatarajia kuolewa lini, na kama nikiolewa mume atakubali nisafiri kikazi. Mwanamume aliyetangulia kabla yangu, ambaye tulipiga soga nje, hakuulizwa hata moja kati ya hayo. Kwingine nilifaulu hatua zote, kisha katika karatasi ya vipimo vya afya nikakuta kipimo cha ujauzito kimewekwa katikati ya vipimo vingine kama kitu cha kawaida. Nilipouliza sababu, nikaambiwa ndio utaratibu.

Nawaomba dada zangu walijue hili. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaohusu ulinzi wa uzazi, unazitaka nchi zilizouridhia kupiga marufuku kumtaka mwanamke anayeomba kazi apime ujauzito au alete cheti cha kuonyesha kwamba hana mimba, isipokuwa kwa kazi chache ambazo sheria ya nchi imezizuia kwa wajawazito au zenye hatari inayotambulika kwa afya ya mama na mtoto. Pendekezo Na. 200 la shirika hilohilo, la mwaka 2010, nalo linasema kwamba waombaji kazi wasilazimishwe kupima virusi vya ukimwi. Mikataba huzibana nchi zilizoiridhia tu, na mapendekezo hayabani kisheria, kwa hiyo ni lazima kila mmoja aangalie sheria ya kwao. Hata hivyo, mtu anayejua kwamba swali si la halali hujibu kwa utulivu zaidi kuliko anayedhani kwamba ni yeye mwenye kasoro.

Sitaki kuzungumza kwa urefu kuhusu ule mwaliko wa "usaili wa pili" unaofanyika jioni, hotelini, na msaili mmoja. Nitasema tu kwamba Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019 kuhusu ukatili na udhalilishaji kazini unawataja waziwazi watafuta kazi na waombaji kazi miongoni mwa wanaolindwa, na kwamba mimi sikwenda.

Mchangiaji wa pili

Lililonipata mimi lilivaa suti ya heshima. Niliambiwa nimeingia katika orodha fupi ya watu wanne, na kwamba hatua iliyobaki ni zoezi dogo la vitendo: kuandaa mpango wa masoko wa miezi sita kwa bidhaa yao mpya, pamoja na bajeti na sampuli tatu za matangazo. Nilikesha siku tano. Waliusifu sana, kisha wakanyamaza. Miezi miwili baadaye niliyaona maneno niliyoyabuni mwenyewe yakiwa kwenye tangazo lao, neno kwa neno, isipokuwa walikuwa wamebadilisha rangi.

Nataka kuwa mkweli kuhusu jambo moja, maana nisije nikaonekana napinga mazoezi yote. Kumpa mtu sehemu ya kazi aifanye ni miongoni mwa njia nzuri za kumpima, na mimi ningependelea hilo kuliko kuulizwa najiona wapi baada ya miaka mitano. Kosa linaanza pale zoezi linapohusu tatizo halisi ambalo mwajiri anahitaji kulitatua wiki hii, linapochukua siku badala ya saa, na linapotolewa kwa watu wengi kwa mkupuo bila malipo. Siku hizi huwa nauliza mapema mambo mawili: kazi hii itatumika wapi, na nani atakuwa mmiliki wake nisipoajiriwa. Mwajiri mwenye nia safi hajibu kwa ukali. Asipojibu kabisa, mimi huwasilisha muhtasari unaoonyesha namna ninavyofikiri, na michoro kamili hubaki kwangu.

Mchangiaji wa tatu

Nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka tisa nikiwa ofisa rasilimali watu, na nimeusoma uzi huu kwa aibu kiasi na kwa ubishi kiasi. Naomba nisikilizwe.

Mnaona jopo lisilojiandaa. Hamuoni kwamba ofisa mmoja amepokea maombi zaidi ya mia tisa kwa nafasi mbili, kwamba wakuu wa idara wametolewa kwenye shughuli zao dakika kumi kabla, na kwamba wasifu nilioutuma kwao siku nne nyuma hakuna aliyeufungua. Mnasema nafasi ilikuwa na mwenyewe. Ni kweli hutokea, na mara nyingi chanzo chake ni kanuni yenye nia njema: mahali pengi nafasi hairuhusiwi kujazwa bila kutangazwa, kwa hiyo hata pale mtu wa ndani anapostahili kupandishwa, tangazo hutolewa ili faili likamilike. Geresha inazaliwa hapo. Vimemo navyo vipo, sikatai. Kimemo hakiji kwa maandishi tena. Bosi hukuita tu, akakuambia umwangalie fulani, nawe unajua maana ya kuangalia. Ndiyo maana alama za usaili katika ofisi nyingi huandikwa kwa penseli.

Lakini waombaji nao si malaika. Nimeletewa vyeti vya kughushi. Nimewaita watu kumi na wawili wakathibitisha wote, wakafika watano. Nimemsaili mtu kwa njia ya video huku macho yake yakisoma majibu anayotajiwa na mwenzake aliye pembeni. Kuhusu kutotoa sababu za kumkataa mtu, wanasheria wetu hutuonya kwamba kila sentensi ya ziada inaweza kurudi kama ushahidi mahakamani, basi tunaona kimya ni salama.

Mleta mada

Mkuu, nakushukuru kwa kusema kweli, na hilo la kanuni kuzaa geresha sikuwa nimelitazama hivyo. Lakini kwenye kimya sikubaliani nawe. Kueleza sababu ni jambo moja, na kumwambia mtu kwamba nafasi imeshajazwa ni jambo jingine. La pili halimpi mwanasheria yeyote kesi, na kwa mia tisa hao ni ujumbe mmoja unaotumwa kwa wote kwa mara moja. Mtu asiyejibiwa huendelea kusubiri. Hukataa kibarua kingine, huahirisha safari, huiweka simu karibu na mto akilala. Jimbo la Ontario nchini Kanada limeliona hili kuwa jambo la sheria: kuanzia Januari 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi aliyemsaili mtu kwa nafasi iliyotangazwa hadharani anatakiwa kumjulisha ndani ya siku 45 kama uamuzi umefanyika. Hawakutaka maelezo marefu, wametaka jibu.

Na kwa kuwa umefungua faili, niulize la mshahara. Kwa nini tangazo lifiche kiwango, kisha mimi niliyeomba ndiye niulizwe nilikuwa nalipwa kiasi gani nilikotoka? Aliyepunjwa kazi ya kwanza hupunjwa ya pili kwa kipimo cha ya kwanza. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2023 kuhusu uwazi wa malipo, umeelekeza kwamba mwombaji apewe kiwango cha kuanzia au mipaka yake kabla ya kuajiriwa, na kwamba mwajiri asimuulize historia ya mshahara wake. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia swali hilo tangu mwaka 2016.

Mchangiaji wa nne

Nitachangia kwa ufupi. Yeyote anayekudai fedha ili akupe kazi, aziite za fomu, za usajili, za mafunzo ya lazima au za sare, muulize risiti kisha uondoke. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ingawa unaruhusu nchi kutoa misamaha michache kwa sababu maalumu na kwa uwazi. Nililipa mara moja. Ofisi ile ilikuwa na meza, kompyuta na mhudumu mwenye tabasamu. Wiki iliyofuata mlango ulikuwa na kufuli, na nje tulikuwa watu kumi na saba tukiulizana kama wenzetu wana namba nyingine ya simu.

Mchangiaji wa tano

Mnalalamikia msaili aliyekuwa na simu sikioni. Mimi nilisailiwa na kioo. Nilitumiwa kiungo, nikafungua, yakatokea maandishi yanayonitaka nijitazame mwenyewe kwenye kamera na kujibu kila swali kwa sekunde tisini, saa ikihesabu kurudi nyuma. Hakuna wa kutikisa kichwa, hakuna wa kumwomba arudie swali. Asubuhi yake, kabla ya saa kumi na mbili, nikapokea barua ya kukataliwa. Sidhani kuna binadamu aliyekuwa macho muda huo akinitazama.

Wanaotetea mfumo huo husema mashine haina upendeleo wa kujuana. Labda, lakini hujifunza upendeleo wa waliotangulia. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliiacha programu yake ya majaribio ya kuchambua wasifu baada ya kugundulika kwamba, kwa kuwa ilifunzwa kwa maombi ya miaka kumi yaliyotoka zaidi kwa wanaume, ilikuwa ikishusha daraja la wasifu wenye neno linaloashiria mwanamke. Na binadamu bila mashine naye tumemwona: katika utafiti wa Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan uliochapishwa mwaka 2004, maombi karibu 5,000 yalitumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago yakiwa na sifa zinazolingana, tofauti ikiwa ni majina tu, na yenye majina yanayohusishwa na Wazungu yalipigiwa simu kwa takriban asilimia 50 zaidi ya yale yanayohusishwa na Wamarekani weusi. Kwa hiyo mimi siiulizi ofisi kama inatumia mtu au mashine. Ninauliza kama kuna mahali vigezo vimeandikwa, na kama kuna mtu ninayeweza kumuuliza.

Mchangiaji wa tatu

Nimerudi baada ya wiki kadhaa, na sikutaka kurudi na maneno matupu. Tulikuwa na nafasi ya msimamizi wa bohari. Safari hii nilikaa na mkuu wa idara siku mbili kabla, tukaandika maswali matano yanayotokana na kazi ya kila siku ya pale: utafanya nini hesabu ya mzigo isipolingana na hati, utampokeaje dereva aliyefika usiku bila karatasi, na mengine ya namna hiyo. Kwa kila swali tuliandika jibu dhaifu likoje, la wastani likoje na zuri likoje. Tuliwaita watu wanane, kila mmoja kwa saa yake, nasi simu tuliziacha nje. Kila mwanajopo alijaza alama zake peke yake kabla hatujazungumza, kwa sababu nimejionea mara nyingi kwamba mkubwa akishasema huyu amenipendeza, kalamu zote chumbani huinamia upande huo.

Matokeo yalinishangaza hata mimi. Yule niliyempenda tangu alipofungua mlango, kwa ufasaha wake na namna alivyosalimia, alikuwa wa tano. Aliyeongoza ni mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye, kwa mtindo wetu wa zamani, nakiri ningemsahau kabla hajafika getini. Waliokosa niliwaandikia wote saba. Ilinichukua dakika kumi na tano, na watatu walijibu kushukuru.

Alikuwepo pia yule wa kuangaliwa. Aliangaliwa, akawa wa sita. Nilipeleka jedwali la alama kwa bosi likiwa na saini za wanajopo watatu. Alilisoma taratibu kutoka juu hadi chini, akarudi hadi mstari wa sita, akapitisha kidole juu ya tarakimu kama mtu anayejaribu kufuta vumbi, kisha akaniuliza tangu lini tumeanza kuandika kwa wino.